Neno 'Mlango' na Historia Yake: Kutoka Uwazi wa Nyumba hadi Kiungo cha Mtandao

Utangulizi

Yako maneno yaliyo karibu nasi mno hata hatuyaoni. Neno mlango ni mojawapo. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Mzee hulitumia mara nyingi kwa siku bila ya kujiuliza limetoka wapi. Katika makala haya twakusudia kulichunguza neno hili kwa jicho la historia, na kutetea hoja moja: kwamba tangu zamani mlango ni jina la uwazi unaopitisha na kuunganisha, na kwamba maana ya kipande cha mbao kilichoning'inizwa penye uwazi huo ilikuja baadaye. Hoja hii ikikubaliwa, yatafuata mambo mawili. Kwanza, hatuna budi kuyasoma kwa uangalifu zaidi maandishi na masimulizi ya zamani yanayolitaja neno hili. Pili, tutaona kwamba Kiswahili kilikuwa na neno la kutajia viungo vya mtandao wa tarakilishi kabla mtandao wenyewe haujazaliwa.

Ni haki nikiri kwamba shauku ya kuandika haya ilitokana na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, nilipewa masimulizi ya nasaba ya mji mmoja wa pwani niyatafsiri kwa Kiingereza. Msimulizi alieleza idadi ya milango ya watu wa mji ule. Nami, niliyejiona mwenye lugha mbele ya wageni, nikaandika kwamba mji ulikuwa na milango ya kuingilia kadha wa kadha, nikaongeza na maelezo juu ya ukuta wa mji. Ukuta huo haukutajwa popote, niliujenga mimi. Msimulizi alikuwa akihesabu koo. Kosa hilo si la mtu mmoja tu. Ni kosa la kila msomaji anayedhani kwamba neno lililozoeleka halihitaji kuchunguzwa.

Umbo na nasaba ya neno

Tuanze na umbo. Mlango ni nomino ya ngeli ya M-/MI-, na kutokana na shina lile lile twapata lango, lenye kuashiria ukubwa, na kilango, lenye kuashiria udogo. Kwa hivyo shina ni -lango. Tukivuka mipaka ya Kiswahili twakuta ndugu wengi wa shina hili. Waganda husema omulyango, Wanyarwanda na Warundi umuryango, Wabukusu kumulyango, Wakikuyu mũrango. Kusini kabisa mwa bara, Wazulu wana umnyango, neno linalohesabiwa kuwa la nasaba hiyo hiyo. Wataalamu wa isimu linganishi wameliunda upya umbo la kale la Mame-Bantu kwa sura inayokaribia *-diango, nyota ikionyesha kwamba umbo hilo limekisiwa kwa kulinganisha lugha zilizo hai. Msomaji ataona kwamba kiyeyusho kinachosikika katika omulyango na umuryango kimetoweka katika mlango. Lakini udugu wa maneno haya ni dhahiri.

Jambo lenye uzito zaidi ni maana. Katika lugha kadha kati ya hizo, uwazi wa kupitia na kifaa cha kuuzibia vina majina mawili mbalimbali. Mganda huita uwazi omulyango, lakini kile kinachofungwa na kufunguliwa hukiita oluggi. Mnyarwanda vilevile hutofautisha umuryango na urugi. Mzulu ana umnyango kwa uwazi na isicabha kwa ubao. Mganda akisema kwamba mtu amesimama katika omulyango, hakuna haja ya kuwapo ubao wowote; nyumba ya manyasi isiyo na cha kufungia nayo ina omulyango wake.

Kiswahili kimeviunganisha viwili hivi. Twasema "amepita mlangoni" tukikusudia uwazi, na "seremala anachonga mlango" tukikusudia mbao, na neno ni lilo hilo. Tukilinganisha na ndugu zake twaweza kusema kwamba maana ya uwazi ndiyo ya asili, na kwamba ile ya mbao imeongezwa. Hata leo mabaki ya hali ya zamani yangalipo katika lugha yetu: mwizi akiung'oa ubao wote na kwenda nao, bado twasema kwamba aliingia kwa mlangoni.

Mlango kama ukoo

Tumeona kwamba mlango ni uwazi. Je, uwaziwezaje kuwa jina la watu?

Katika miji ya Waswahili, jamaa wanaotokana na mzazi mmoja wameitwa mlango, pamoja na majina mengine kama ukoo, mbari na tumbo. Watu wakisemwa kuwa ni wa mlango mmoja, hapana anayefikiria bawaba. Matumizi haya hayako pwani tu. Katika Kinyarwanda, umuryango ni uwazi wa nyumba, na pia ni jamaa wa nasaba moja, walio chini ya kundi kubwa la ubwoko na juu ya kundi dogo la inzu, neno ambalo maana yake ya kwanza ni nyumba. Wanyankore nao hulitumia omuryango kwa maana ya uwazi na ya ukoo.

Sababu ya kuhama huku kwa maana si vigumu kuielewa. Katika boma la mume mwenye wake kadha, baba ni mmoja na ua ni mmoja, lakini kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina uwazi wake. Watoto waliozaliwa na baba huyo hawatofautishwi kwa jina lake, kwa kuwa wote wanalo. Hutofautishwa kwa uwazi waliotokea. Ugawaji wa mifugo na mashamba ukafuata uwazi huo huo. Vizazi vikipita, waliotoka katika uwazi mmoja wakawa kundi, na kundi likabaki na jina la mahali lilipotokea hata baada ya nyumba yenyewe kuanguka.

Hapa pana hadhari ya kuchukua. Kwa kuwa maana ya ukoo inapatikana kwenye maziwa na pia pwani, mtu aweza kudai mara moja kwamba ni urithi wa Mame-Bantu. Lakini wazo hilo hilo limo pia katika lugha zisizo za Kibantu. Wajaluo huuita ukoo dhoot, neno lililoundwa kwa dho, yaani mdomo, na ot, yaani nyumba: mdomo wa nyumba. Wanuer wa Sudan Kusini, kama alivyoeleza E. E. Evans-Pritchard katika kitabu chake cha 1940, huita nasaba thok dwiel, yaani mwingilio wa kibanda. Basi wazo la kuwahesabu watu kwa uwazi waliotokea laweza kuzuka popote penye maboma ya namna hiyo, au laweza kuazimwa baina ya majirani. Ushahidi wa neno peke yake hautoshi kuamua. Unachothibitisha ni kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, uwazi wa nyumba umefikiriwa kuwa kiungo baina ya watu.

Na kiungo hicho kimeendelea kupanuka. Wanyarwanda walipohitaji jina la Umoja wa Mataifa, walisema Umuryango w'Abibumbye. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki nayo ni umuryango. Katika Afrika ya Kusini, idara ya serikali ni umnyango: Idara ya Elimu ni uMnyango Wezemfundo. Uwazi wa kibanda cha manyasi umekuwa jina la mashirika na wizara, na wala hapana aliyelalamika kwamba neno ni la kijijini.

Mlango wa bahari na mlango wa kitabu

Pwani yetu ililipa neno hili maana mbili zaidi. Mabaharia waliita mlango au kilango ile njia nyembamba ya maji ipitayo kati ya miamba, au kati ya kisiwa na bara. Kutoka hapo tukapata mlango wa bahari, ambao leo wanafunzi wa jiografia huujua katika majina kama Mlango wa Gibraltar. Tena, katika Biblia ya Kiswahili, ikiwamo ile ya Muungano ya 1952, sehemu za kila kitabu huitwa milango.

Maana hizi mbili hukutana katika neno la Kiarabu bab. Bab ni mlango wa nyumba. Bab ni sehemu ya kitabu. Na bab ni mlango wa bahari, kama ilivyo Bab el-Mandeb, inayoiunganisha Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Hapana shaka kwamba Waswahili waliokisoma Kiarabu waliuona mfano huo. Lakini tusikimbilie kusema kwamba maana zote mbili zimeazimwa. Baharia anayetafuta pa kupitisha chombo chake hahitaji kufundishwa kwamba pengo la mwamba ni mlango. Yaelekea kwamba maana ya bahari ilikuwa imeanza nyumbani, na Kiarabu kikaipa nguvu. Ilhali maana ya kitabu ina alama zaidi za kigeni. Nayo haikuenea sana: katika vitabu vya shule na riwaya neno sura ndilo lililoshinda.

Bawaba, bawabu na mbao zilizochongwa

Jambo la ajabu ni kwamba Kiarabu, kilichotupa maneno mengi ya nyumba za mawe, hakikutupa jina la mlango. Kilitupa maneno mawili ya mzizi ule ule wa bab: bawabu, yaani mlinzi wa mlango, na bawaba, yaani kile kinachouwezesha ubao kuzunguka. Kilitupa pia kufuli. Mhudumu wa mlango ni wa asili ya kigeni, na chuma chake ni cha asili ya kigeni. Mlango wenyewe umebaki wa Kibantu, pamoja na ufunguo. Kwa desturi, jambo ambalo watu wamekuwa nalo tangu kale halibadilishwi jina kwa urahisi hata ufundi wake ukibadilika.

Ufundi ulibadilika sana. Katika Lamu, Mombasa na Unguja, milango ya mbao zilizochongwa ilikuwa tangazo la hadhi ya mwenye nyumba. Miimo miwili ilisimama pembeni, kizingiti kikakaa juu na kingine chini, na mfaa ukafunika pale mbao mbili zilipokutana. Mafundi walichonga minyororo, samaki, na maua ya yungiyungi. Juu ya mlango wa Unguja huenda ukasoma maandishi ya Kiarabu na mwaka wa kuchongwa. Sifa ya mbao hizi ni sehemu ya urithi uliofanya Mji Mkongwe wa Zanzibar uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Nadhani ni hapa, mbele ya mbao hizi zinazovuta macho, ambapo neno lililokuwa la uwazi lilivutwa kuelekea kwenye kifaa. Kitu kizuri namna hii hakingekosa jina, nacho kikachukua jina la mahali kilipowekwa.

Hata hivyo uwazi haukusahauliwa. Mji wa Lamu una sehemu mbili kubwa, Mkomani kaskazini na Langoni kusini. Jina Langoni maana yake ni dhahiri: penye lango. Ukuta wa mji umetoweka, lakini jina lingali hai, na kwa mkaazi wa leo ni utambulisho wa mahali na wa watu. Na nyumba ya mawe ya Lamu haimpeleki mgeni ndani moja kwa moja. Kwanza yuko katika daka, ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe ubavuni. Kisha hupita mlango na kuingia tekani, ukumbi wa ndani unaopinda njia ili jicho la mpita njia lisifike uani. Wajenzi hao walijua kwamba kupita si tendo moja. Kuna pa kungojea, pa kuulizwa, pa kuruhusiwa, ndipo pakawa pa kuingia.

Milango ya fahamu na lango la mpira

Mifano miwili yatosha kuonyesha kwamba neno hili halijachoka. Wa kwanza ni milango ya fahamu. Mwalimu wa shule ya msingi akiwafundisha watoto juu ya macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, husema kwamba hiyo ndiyo milango mitano ya fahamu. Hapa hapana nyumba wala mbao. Mlango ni mahali ambapo habari ya aina fulani hupokewa na kupelekwa ndani: mwanga kwa jicho, sauti kwa sikio. Kila mlango una aina yake ya habari, na sauti haipiti jichoni.

Wa pili ni lango la mpira. Watangazaji wa redio walipohitaji kueleza pale mpira unapoingizwa, walisema lango, na anayelilinda akawa mlinda lango, akishindana na golikipa bila ya kushindwa. Watumiaji ndio waliolithibitisha neno hili, kwa kuwa umbo lake kubwa lilistahili miti ile miwili na mwamba wa juu.

Mtandao

Sasa tufike kwenye mtandao wa tarakilishi. Mwezi wa Mei 1974, Vinton Cerf na Robert Kahn wa Marekani walichapisha makala yaliyoeleza namna mitandao mbalimbali, isiyofanana kwa utaratibu, ingeweza kuunganishwa. Walihitaji jina la mashine itakayosimama mpakani, ikipokea habari kutoka mtandao mmoja na kuipitisha kwenda mwingine. Waliiita 'gateway', yaani lango. Walihitaji pia jina la mahali ambapo programu fulani ndani ya tarakilishi hupokelea habari zake. Waliita 'port'.

Neno hili la pili ndilo linalotutega. Kiingereza kina 'port' ya meli, itokayo katika Kilatini portus, yaani bandari. Na kina 'port' ya uwazi, itokayo katika porta, yaani lango. Maneno hayo mawili ya Kilatini ni jamaa, lakini hayana maana moja. Katika zoezi moja la tafsiri nililowapa wanafunzi wangu, wengi wao waliandika kwamba tarakilishi ina bandari. Sikuweza kuwacheka, kwa kuwa nilikumbuka ukuta wangu wa ng'ambo. Walifanya kosa la aina ile ile kwa upande wa pili: mimi nililiamini mno neno la Kiswahili nililolizoea, nao waliliamini mno la Kiingereza.

Tuitazame kazi ya kitu chenyewe. Tarakilishi iliyo mtandaoni ina milango iliyopewa namba kuanzia 0 hadi 65,535. Kwa kawaida barua baina ya mashine za posta hupokewa katika mlango wa 25, kurasa za wavuti katika mlango wa 80, na kurasa zinazosafirishwa kwa siri katika mlango wa 443. Mlango waweza kufunguliwa au kufungwa. Waweza kuwekewa bawabu anayekagua wapitao. Kila mlango una aina yake ya habari. Mwalimu aliyezoea kufundisha milango ya fahamu hahitaji maelezo marefu: hiki ni mlango, na neno bandari hapa halina meli ya kupokea.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao, ambao umetokana na historia tuliyoieleza. Mlango uwe jina la kile kinachopewa namba ndani ya tarakilishi moja. Lango, kwa ukubwa wake, liwe jina la kiungo kati ya mtandao mmoja na mwingine, kama lango la mji lilivyounganisha mji na nje. Na ule ukurasa mkuu ambamo mgeni hufikia, akaonyeshwa huduma na kuelekezwa pa kwenda, ambao aghalabu nao huitwa lango, twaonelea ungepata jina lake wenyewe: daka. Daka ndipo mgeni anapoketi kabla ya kupita. Mwenye kuona kwamba neno hili ni la Lamu mno akumbuke kwamba umnyango ulikuwa wa kibandani kabla ya kuwa wizara.

Litakuja pingamizi kwamba neno moja limebebeshwa mzigo mkubwa: mbao, uwazi, ukoo, bahari, kitabu, fahamu, na sasa tarakilishi. Pingamizi hili lina nguvu, wala sijalisahau. Mimi mwenyewe nilianguka kwa sababu ya wingi huo wa maana. Lakini tuangalie nilianguka wapi. Sikupotezwa na msimulizi, kwa kuwa wasikilizaji wake wote walimwelewa. Nilipotezwa na kutojua historia ya neno. Maana hizi zote zina kiini kimoja, ambacho ni mahali palipo wazi pa kupitia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mwenye kukijua kiini hicho atauona mwongozo katika muktadha. Kuongeza neno la kigeni kusingemwondolea mwanafunzi mzigo. Kungemwongezea neno lisilo na ndugu.

Hitimisho

Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa TEAMS, uliotoka Fujairah katika Ghuba, ulifika Mombasa kwa chini ya bahari, na katika mwaka huo huo mkongo wa SEACOM nao ukaanza kazi. Mwezi wa Februari 2024 mikongo kadha ilikatika katika Bahari ya Shamu, na miongoni mwake ulikuwamo ule wa SEACOM, katika sehemu yake iliyo kati ya Mombasa na Zafarana nchini Misri. Njia ya sehemu hiyo hupita Bab el-Mandeb. Jina la mahali hapo, kwa Kiarabu, laanza na neno mlango. Manahodha walipita hapo na majahazi. Sasa zapita hapo habari zinazokwenda kugonga mlango wa 443 wa tarakilishi fulani.

Tumeona basi kwamba mlango ulikuwa uwazi, uwazi ukawa alama ya waliotokea humo, kisha ukawa njia ya maji, sehemu ya kitabu, ubao uliochongwa, na pokeo la fahamu. Yafaa wenzetu wanaohariri masimulizi ya miji ya pwani wakague upya kila palipoandikwa milango, wasije wakajenga kuta pasipokuwa na kuta na kuzifuta koo zilizokuwapo. Na yafaa wanaounda istilahi wapige hodi kwanza kwenye nyumba yao wenyewe, kabla ya kwenda kuomba kwa jirani.